Kivuli cha Mwembe na Rangi ya Gari

Mwenye gari katika nchi za Ikweta hutafuta kivuli kama mchungaji atafutavyo maji. Kambini, kituoni na nyumbani, gari huegeshwa chini ya mwembe, mfenesi, mjakaranda au msonobari ili viti visiwake moto na usukani ushikike. Jambo hilo ni jema. Lakini mti utoao kivuli hutoa pia utomvu, na juu ya matawi yake hukaa ndege na wadudu ambao nao hawakosi kuangusha chao. Baada ya siku chache gari lililokuwa liking'aa huonekana limeenea madoa, na mkono ukipitishwa juu ya boneti hugusa vipele kama ngozi ya mwenye harara.

Wako wanaodhani kuwa hayo ni mambo ya urembo tu. Sivyo hata kidogo. Rangi ndiyo ngozi ya gari. Tabaka zake zote kwa pamoja zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi cha karatasi ya kuandikia. Ngozi hiyo nyembamba ikitobolewa, maji na hewa hulifikia bati, na kutu huanza kazi yake kimya kimya. Kwa jamaa ya askari iliyojinyima miaka mingi hata ikapata gari moja lililokwisha tumika, gari hilo ndilo la kumkimbiza mama hospitalini anaposhikwa na uchungu usiku, na ndilo akiba itakayouzwa mambo yakiwa magumu. Mnunuzi akiona kutu hukata bei papo hapo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MTAMBUE ADUI KWANZA

Askari hufundishwa kumtambua adui kabla ya kumshambulia. Madoa nayo ni ya namna mbalimbali, na kila moja lina dawa yake.

Matone madogo yanatayo, yaliyoenea gari zima kama umande, mara nyingi si utomvu. Hutoka kwa vidukari wanaofyonza majani, nayo ni sukari. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini huyamaliza. Gundi ya migunga pia hulainishwa na maji: weka juu yake kitambaa kilicholowa, ngoja, kisha ifute.

Maziwa ya mfenesi hayasikii maji. Kila mama aliyewahi kupasua fenesi anajua kwamba hupaka mafuta ya kupikia mikononi na kisuni kabla ya kuanza, kwa maana ulimbo huo hukubali mafuta tu. Basi ujuzi huo wa jikoni na utumike pia uwanjani: paka mafuta juu ya doa, acha dakika chache, futa taratibu, kisha osha kwa sabuni.

Utomvu wa msonobari uliokauka huyeyuka kwa spiriti. Lowesha kitambaa laini, kibandike juu ya doa kwa nusu dakika, kisha futa bila kukandamiza. Rudia mpaka liishe. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kama vile ndani ya ukingo wa mlango. Magari mengi yamepakwa rangi upya katika gereji, na baadhi ya rangi hizo hulainika zikiguswa na spiriti. Kitambaa kikichukua rangi, acha mara moja.

Lami inayorushwa na magurudumu katika barabara mpya huondolewa kwa mafuta ya taa kidogo juu ya kitambaa, na baadaye sehemu hiyo huoshwa vizuri kwa sabuni.

Adui mwenye haraka kuliko wote ni kinyesi cha ndege, na wakazi wa Kampala wanaoishi na makorongo marabu hawahitaji kuelezwa zaidi. Jua linapopasha bati, rangi hulainika na kutanuka; jioni hujikaza tena juu ya kinyesi kilichokwisha kukauka, na alama hubaki hata baada ya kuosha. Asidi iliyomo huongeza madhara. Kwa hiyo doa hilo lisilale. Lilowanishe hadi lilainike, kisha liinue; usilisugue likiwa kavu, kwani mara nyingi mna chembe za mchanga.

UTARATIBU WA KAZI

Osha gari lote kabla ya kushughulikia doa lolote, kwa kuwa vumbi likisuguliwa huwa msasa. Fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Uwe na ndoo mbili, moja ya maji ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji. Anza juu ya paa, ushuke. Magurudumu yawe ya mwisho.

Kama rangi bado inakwaruza, upo udongo maalumu uuzwao katika maduka ya vipuri. Hutelezeshwa juu ya rangi iliyoloweshwa kwa maji ya sabuni, ukaokota chembe za chuma na uchafu mwingine. Ukianguka chini, utupe, maana utakuwa umeokota mchanga. Mwishowe paka nta, ili uchafu ujao usipate mahali pa kushika.

Magari yenye rangi isiyong'aa, kama ile ya kijani ya kijeshi, yasipakwe nta ya kung'arisha wala yasisuguliwe kwa polishi. Rangi hiyo imewekwa hivyo kwa makusudi, ili gari lisimeremete juani. Nayo ikishang'arishwa hairudi hali yake ila kwa kupakwa upya.

MAMBO YA KUEPUKA

Usitumie wembe, mchanga wala waya wa kusugulia sufuria. Thina huyeyusha rangi pamoja na doa. Petroli ndiyo hatari kuu: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko la makaa lililo mbali, na moto hurudi kwa njia ile ile. Spiriti na mafuta ya taa nayo yatumike nje, mbali na moto na sigara.

Zaidi ya hayo, mafuta ya taa yasiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi ya kimiminika. Ikitokea ameyanywa, asitapishwe, kwani yakipanda huweza kuingia mapafuni; apelekwe hospitalini bila kukawia.

Kioo cha mbele nacho kisisahauliwe. Utomvu juu yake hutawanya mwanga wa taa za magari yajayo, na dereva wa usiku akawa kama aliyefunikwa macho.

Ndugu msomaji, si lazima kuuacha mwembe wala kuukata. Weka ndani ya gari chupa ya maji na kitambaa safi, likague kila asubuhi kama ukaguavyo viatu vyako kabla ya gwaride, na doa la leo liondoke leo. Kazi hiyo ni ya dakika tano, nayo yaweza kugawiwa watoto wakubwa wa nyumbani, wajifunze mapema kwamba mali hutunzwa kabla haijaharibika.