Nani Anaamua Uchafu Kiasi Gani Uingie Mtoni?

Kijana, ukiona bomba la kiwanda linamwaga maji machafu mtoni, utasema nini? Wengi husema, "Serikali imelala!" Huenda ni kweli kiwanda hicho kinavunja sheria. Lakini huenda bomba hilo lina kibali, na kuna mtu aliyekaa mezani akapiga hesabu ya kila kinachopita humo. Je, mtu huyo ni nani? Na kazi yake inahusiana vipi na afya yako?

KAZI YENYEWE NI IPI?

Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayetaka kutiririsha majitaka kwenye chanzo cha maji aombe kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Mabonde yako tisa, kwa mfano Pangani, Rufiji, Wami/Ruvu na Ziwa Victoria.

Ombi likifika, mtaalamu wa ubora wa maji hakai ofisini tu. Anakwenda kuona bomba litatokea wapi, na nani anachota maji chini yake. Kisha anaandaa masharti: majitaka yawe kiasi gani kwa siku, yawe na nini na yasiwe na nini, yapimwe mara ngapi, na taarifa ipelekwe wapi.

Watu wengine hudhani kibali ni ruhusa ya kuchafua. Ukikisoma vizuri utaona kwamba sehemu kubwa ni makatazo.

ANAANGALIA NINI?

Kipimo kimoja muhimu kinaitwa BOD. Mabaki ya chakula, damu ya machinjioni au kinyesi yakiingia mtoni, bakteria huyala. Wakiyala, wanatumia oksijeni iliyomo majini. Uchafu ukizidi, oksijeni inakwisha, samaki wanakufa na maji yananuka. BOD inaonyesha bakteria watahitaji oksijeni kiasi gani. Kuipima maabara huchukua siku tano.

Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 ziliweka kikomo cha BOD katika majitaka kuwa miligramu 30 kwa lita. Basi, si anaandika 30 tu, kazi imekwisha? Hapana. Inategemea mto wenyewe.

PIGA HESABU NA WEWE

Tuchukue mfano. Kiwanda kinatoa lita 10 kila sekunde. Wakati wa kiangazi mto unapitisha lita 40 kila sekunde, na maji yake yana BOD ya miligramu 2 kwa lita. Tunataka baada ya kuchanganyika isizidi 5.

Lita 50 zilizochanganyika zinaweza kubeba miligramu 250. Mto umeshaleta 80. Zinabaki 170 za kugawa kwa lita 10 za kiwanda, yaani miligramu 17 kwa lita. Kumbe hata 30 ni nyingi mno kwa mto huu!

Sasa rudia hesabu kwa masika, mto ukiwa na lita 990 kwa sekunde. Utapata miligramu 302 kwa lita. Umeona? Mtu akiupima mto wakati wa mvua tu, atadhani unaweza kumeza chochote. Ndiyo maana mtaalamu makini huuliza kwanza: mto huu unakuwaje ukikauka?

MBONA ASIRUHUSU TU?

Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Mwenye kiwanda anakuja ofisini na kusema, "Mtambo wa kusafisha maji ni ghali. Ukinibana, nitapunguza wafanyakazi." Hilo si jambo dogo, maana ajira ni chakula cha familia. Lakini mama anayechota maji kilomita tano chini ya bomba hayumo kwenye kikao hicho. Mtoto wake akiharisha, gharama ya zahanati inatoka mfukoni mwake. Uchafu huo unalipiwa kwa vyovyote. Suala ni nani alipe.

Na usijidanganye kwamba dawa ya kila kitu ni kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu na kuhara. Lakini kromiamu kutoka kiwanda cha ngozi, au risasi, haiondoki hata ukichemsha siku nzima. Kinga bora ni kuizuia kabla haijaingia mtoni.

UNAIPENDA KAZI HII?

Usikimbie kemia, baiolojia wala hisabati. Chuo cha Maji, Dar es Salaam, kinafundisha mafundi wa maabara za ubora wa maji, na Chuo Kikuu Ardhi kinafundisha uhandisi wa mazingira. Wasichana, hii ni kazi yenu pia. Mara nyingi ninyi ndio mnaobeba ndoo, kwa hiyo mnaujua mto kuliko wengi.

WEWE UNAWEZA KUFANYA NINI?

Ukiona samaki wamekufa, povu jingi au maji yamebadilika rangi ghafla:

- Usichote, usioge, wala usiokote samaki hao.
- Andika tarehe, saa na mahali. Ukiweza, piga picha.
- Toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, jumuiya ya watumia maji, au Bodi ya Maji ya Bonde.

Kwa nini saa ni muhimu? Kwa sababu maji hayamsubiri mtu. Uchafu uliomwagwa usiku, asubuhi umeshafika kijiji cha pili. Mtaalamu akichelewa, anachukua sampuli ya maji yaliyokwisha kusafishika, na kibali chake, hata kama kimeandikwa vizuri, kinabaki karatasi tu.