Fedha Zinazomsubiri Mwenyewe: Mali Isiyodaiwa katika Majimbo ya Marekani

Kila jimbo la Marekani lina ofisi inayotunza fedha za watu ambao wengi wao hawajui kama wana chochote huko. Hizo si fedha za serikali, wala si msaada. Ni mshahara wa mwisho wa mfanyakazi aliyehama kabla hundi haijamfikia, akiba iliyosahaulika benki, amana ambayo mpangaji aliiweka kwa kampuni ya umeme, gawio la hisa, au malipo ya bima ya maisha ambayo familia ya marehemu haikujua kama ipo. Kisheria huitwa mali isiyodaiwa. Ardhi na nyumba hazimo. Chama cha wasimamizi wa mali hiyo katika majimbo, kijulikanacho kwa kifupi kama NAUPA, hukadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila saba nchini humo ana kitu chake katika ofisi hizo, na kwamba jumla inayotunzwa ni takriban dola bilioni 70.

Fedha hufika huko kwa sababu mwenyewe amekaa kimya. Kila aina ya mali ina muda wake uliowekwa na sheria ya jimbo. Akaunti ya benki ambayo mwenyewe hajaigusa, hajaiulizia wala hajaandika barua juu yake kwa miaka 3 hadi 5 huhesabiwa kuwa imetelekezwa. Mshahara usiochukuliwa, katika majimbo mengi, hungojewa mwaka 1 tu, ilhali hundi ya msafiri hungojewa miaka 15. Muda huo ukiisha, benki au kampuni haina ruhusa ya kuzifanya fedha hizo kuwa zake. Hulazimika kumwandikia mwenye mali kwa anwani ya mwisho iliyo nayo, na asipojibu, huzikabidhi kwa jimbo pamoja na jina lake na anwani hiyo.

Barua hiyo ndiyo mara nyingi hupotea. Posta ya Marekani, mtu anapotoa taarifa ya kuhama, humfuatishia barua zake za kawaida kwa miezi 12 tu. Benki inapokuja kuandika barua ya onyo baada ya miaka 3, anayeishi katika nyumba ile ya zamani ni mtu mwingine kabisa, na bahasha hurudi ilikotoka au hutupwa. Hakuna aliyemdhulumu mwenye mali kwa makusudi, lakini matokeo yake ni kwamba watu wanaohamahama kufuata kazi, ambao ndio wanaozihitaji zaidi fedha hizo, ndio wanaozipoteza kwa urahisi.

Suala la jimbo gani lipokee lilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1965, katika kesi kati ya Texas na New Jersey, majimbo kadhaa yaligombea madeni madogo madogo ya kampuni ya mafuta ya Sun Oil yaliyofikia dola 26,000 na kitu. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, ila kanuni iliyotokana nacho ndiyo inayotumika mpaka leo: mali huenda kwenye jimbo la anwani ya mwisho ya mwenyewe kama ilivyoandikwa katika vitabu vya kampuni, na pasipo na anwani, huenda kwenye jimbo ambako kampuni imesajiliwa. Sehemu hiyo ya pili imeinufaisha sana Delaware, jimbo dogo ambako kampuni nyingi kubwa za Marekani zimesajiliwa, na ambalo kwa miaka mingi limehesabu mali isiyodaiwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya mapato yake. Mwaka 2023 Mahakama hiyohiyo iliamua dhidi ya Delaware katika mgogoro wa hundi zilizotolewa kupitia MoneyGram. Ilisema kwamba, chini ya sheria ya mwaka 1974, fedha za hati za namna hiyo kwa kawaida ni za jimbo ziliponunuliwa, na mamia ya mamilioni ya dola yalikuwa yakisubiri jibu hilo.

Kwa mtu wa kawaida, kanuni ya 1965 ina maana moja kubwa: fedha hufuata anwani, hazimfuati mtu. Aliyefanya kazi Kentucky, akahamia Iowa, na sasa anaishi Texas, hatapata kila kitu kwa kutafuta Texas peke yake. Hundi ya mwisho ya kiwanda cha nyama itakuwa Kentucky, amana ya umeme Iowa. Hakuna daftari moja la serikali ya shirikisho linalokusanya yote hayo. Ofisi yenyewe hutofautiana pia: California na New York kazi hiyo iko kwa mdhibiti wa fedha wa jimbo, Illinois na Massachusetts iko kwa mweka hazina, Ohio na Minnesota iko chini ya idara ya biashara.

Utafutaji wenyewe ni mwepisi na haulipiwi. Tovuti ya NAUPA, unclaimed.org, ina ramani inayompeleka mtu kwenye ofisi halali ya kila jimbo. Tovuti ya MissingMoney.com, inayotambuliwa na chama hicho, hutafuta katika majimbo mengi kwa mkupuo mmoja, ingawa ni vyema kupita pia kwenye tovuti ya jimbo lenyewe. Huandikwa jina la ukoo, jina la kwanza na pengine mji, kisha orodha hutokea: jina, sehemu ya anwani ya zamani, kampuni iliyoleta fedha, na mara nyingi dokezo tu la kiasi, kama vile chini au zaidi ya dola 100. Kiasi kamili huweza kufichwa ili kuwazuia wezi. Anayeiona anwani aliyowahi kuishi huiweka alama na kuanza madai papo hapo.

Jina ndilo linalotaka uangalifu, hasa kwa watu wa Afrika Mashariki na Kongo walioingia Marekani kama wakimbizi au wanafunzi. Karani wa kiwanda aliyeandikisha wafanyakazi wapya anaweza kuwa amemwandika Juma Hassani kuwa Hassani Juma, au Hassan kwa kuacha irabu ya mwisho. Mwajumbe huandikwa Mwajumba, na jina refu la Kirundi hukatwa katikati kwa kukosa nafasi kwenye fomu. Kompyuta haijui kwamba wote hao ni mtu mmoja. Yafaa kujaribu kila namna ya tahajia, kupanga majina mbele na nyuma, kutumia jina la kabla ya ndoa, na kutazama vitambulisho vya zamani vya kazini na hati za malipo ili kuona mwajiri alimwitaje mtu. Aliyesahau alikowahi kuishi anaweza kuomba ripoti yake ya mikopo bure, kwa kuwa ripoti hiyo mara nyingi huorodhesha anwani za zamani.

Kudai ni kazi ya kuthibitisha mambo mawili: kwamba mdai ndiye anayetajwa, na kwamba aliwahi kuhusika na anwani au kampuni ile. La kwanza hukamilishwa kwa leseni ya udereva au pasipoti pamoja na namba ya Hifadhi ya Jamii. Tatizo la wakimbizi wengi waliopewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa ni kwamba tarehe haiwatofautishi na wenzao, hivyo namba hiyo hubeba uzito zaidi. La pili ndilo linalokwamisha wengi. Fomu ya kodi W-2 ya mwaka ule, taarifa ya benki, bili ya maji, cheti cha shule au hata bahasha yenye mhuri wa posta inaweza kutosha. Aliyebadilisha jina huambatanisha cheti cha ndoa au talaka. Kwa kiasi kikubwa, jimbo huweza kutaka saini ishuhudiwe na mthibitishaji wa nyaraka. Madai madogo huweza kulipwa kwa wiki chache, mazito huchukua miezi. California, kwa mfano, sheria inaipa ofisi hadi siku 180.

Yapo majimbo yaliyokwenda hatua ya mbele. Illinois na Wisconsin hulinganisha orodha ya mali isiyodaiwa na kumbukumbu za walipa kodi, na anwani ikithibitika huwatumia watu malipo bila kusubiri waombe. Huo ndio utaratibu wa haki zaidi, na ni vigumu kuona sababu ya jimbo lolote lenye kumbukumbu za kodi kutoufuata.

Mirathi huhitaji subira. Mrithi hutafuta jina la marehemu, si lake, kisha hutoa cheti cha kifo, uthibitisho wa undugu, na wosia au barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kwa kiasi kidogo majimbo mengi hukubali hati ya kiapo badala ya kesi ya mirathi. Cheti kilichotolewa Bukavu au Bujumbura kwa Kifaransa kitahitaji tafsiri ya Kiingereza. Bima ya maisha ina historia chungu hapa. Kuanzia karibu mwaka 2011, uchunguzi wa majimbo ulionyesha kwamba baadhi ya kampuni kubwa za bima zilitumia orodha ya serikali ya watu waliofariki kusitisha malipo ya uzeeni, lakini hazikuitumia orodha hiyohiyo kuwatafuta wajane na watoto waliostahili kulipwa. Kampuni kadhaa zilifikia makubaliano na majimbo na kubadili utaratibu. Tangu mwaka 2016, chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo, NAIC, kina huduma ya bure ya kutafuta bima ya marehemu.

Si fedha tupu zinazotunzwa. Masanduku ya kuhifadhia vitu benki yakikosa kulipiwa kwa miaka, hufunguliwa na vilivyomo hupelekwa jimboni: vito, saa, sarafu, barua. Vingi huishia mnadani na bei iliyopatikana huandikwa kwa jina la mwenyewe. Nishani za kijeshi hutendewa tofauti. Ofisi ya mweka hazina wa Illinois imetangaza hadharani juhudi za kutafuta familia za askari ambao nishani zao za Purple Heart, zinazotolewa kwa waliojeruhiwa au kuuawa vitani, zilikutwa kwenye masanduku kama hayo. Hisa nazo huweza kuuzwa na jimbo. Zikipanda bei baadaye, mwenyewe kwa kawaida hupata kile zilichouzwa tu, na hapo kuchelewa humgharimu kweli.

Je, fedha zinaweza kupotea moja kwa moja? Katika majimbo mengi haki ya kudai haina kikomo, na hata warithi wa miaka mingi baadaye husikilizwa. Wakati huo fedha zenyewe hutumika katika bajeti ya jimbo huku deni likibaki kwa mwenyewe. Lakini sheria hubadilika. Mwaka 2025 Ohio iliidhinisha dola milioni 600 kutoka katika mali isiyodaiwa zisaidie kujenga uwanja wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Cleveland Browns huko Brook Park, na ikaweka ukomo wa miaka 10 wa kudai. Wananchi walifungua kesi kuipinga hatua hiyo. Columbus, mji mkuu wa jimbo hilo, una jamii kubwa ya watu kutoka Afrika Mashariki, na hilo peke yake latosha kuwafanya watafute mapema.

Palipo na fedha, mawakala hawakosi. Baadhi ni halali: huchimba orodha za majimbo, huwaandikia watu na kuomba asilimia. California na Texas ada hiyo haiwezi kuzidi asilimia 10, na majimbo mengi hubatilisha mikataba ya aina hiyo iliyosainiwa katika miezi ya mwanzo baada ya jimbo kupokea mali. Hata akiwa halali, wakala kwa kawaida anauza kazi ambayo mtu angeifanya mwenyewe bure kwa dakika chache. Matapeli ni hatari zaidi: hupiga simu au kutuma ujumbe wakijifanya maofisa wa jimbo, wakitaka ada ya kufungua faili, kadi ya zawadi au neno la siri la benki. Jimbo halimtozi mtu chochote ili limrudishie fedha zake.

Nje ya majimbo kuna mifuko mingine inayofaa kuangaliwa. Wizara ya Kazi ya shirikisho ina ukurasa wa kutafuta mishahara iliyorejeshwa kutoka kwa waajiri waliowapunja wafanyakazi, na marejesho ya kodi hudaiwa kwa mamlaka ya kodi, IRS, kwa kuwasilisha ripoti ya kodi ndani ya miaka 3. Kenya nayo ina mamlaka yake ya mali za kifedha zisizodaiwa, UFAA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambayo huwawezesha watu kutafuta kwa simu kupitia *361#. Mkenya wa Dallas mwenye akaunti iliyolala Nairobi ana sehemu mbili za kutazama.

Haki haiishi kwa kuondoka Marekani. Mwanafunzi aliyerudi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat anaweza kudai kwa mtandao au kwa posta, ingawa afadhali aulize mapema njia ya malipo, maana hundi ya dola ya Marekani huwa na usumbufu kuibadilisha Afrika Mashariki. Anayeanza leo aanze na jimbo alilofikia kwanza na jina lilivyoandikwa kwenye kitambulisho chake cha mwanzo, kisha ashuke na majimbo yote yaliyofuata, na baada ya hapo atafute majina ya wazazi wake.