Korosho Nyeupe, Kioo cha Manjano

Ndugu wafanyakazi, sisi wa pwani ya Cabo Delgado, toka Palma hadi Mocímboa da Praia, tunaijua korosho. Daraja la W320 ni korosho nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa ratili. Zilizobabuka hushushwa daraja, na bei hushuka. Siku hizi pengine rangi huamuliwa kwa picha ya kompyuta. Kioo kikielekea umanjano, korosho nyeupe huonekana imebabuka, na jasho la mbanguaji hupotea bure. Basi tudai haya: kompyuta iwashwe nusu saa kabla ya kupima, weupe wa kioo urekebishwe kwa chombo maalum hadi Kelvini 6500, jua lisikipige, na penye ubishi, korosho yenyewe itazamwe mchana mbele ya mbanguaji.