Prosesa Ndogo na Prosesa Kubwa

1. Swali la Mnunuzi

Mtu aendaye dukani kununua jembe hufikiri kwanza habari za shamba lake. Ikiwa ana bustani ndogo ya mchicha nyuma ya nyumba, jembe la mkono lamtosha. Ikiwa ana shamba la pamba la ekari mia, jembe la mkono litamchosha bure, naye yampasa kutafuta trekta. Lakini hakuna amsifuye mtu aliyeuza ng'ombe wake wote ili apate trekta la kulimia matuta mawili ya mchicha. Majirani humcheka, na watoto wake hukosa maziwa.

Walakini katika kununua kompyuta watu wengi huisahau hekima hii. Hufika dukani na kuuliza, "Iliyo kubwa kupita zote ni ipi?" Swali liwapasalo ni jingine, yaani, "Kazi yangu ni ya namna gani?" Wala si kila mwenye duka atakayewasahihisha, kwa maana mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa hiyo yafaa mnunuzi ajue mwenyewe tofauti iliyopo kati ya prosesa ya kompyuta ya mezani ya kawaida na prosesa ya kompyuta ya kazi nzito.

2. Prosesa ni Nini

Prosesa ni chombo kidogo kilichofanyizwa kwa silikoni, nacho hukaa juu ya ubao mkuu wa kompyuta. Ndani yake hufanywa hesabu. Herufi iandikwayo, picha ionekanayo na sauti isikiwayo, zote huwa hesabu kwanza kabla ya kumfikia mtu.

Sehemu ya prosesa ifanyayo hesabu huitwa kiini. Kiini ni kama mfanya kazi mmoja aliyeketi mezani pake. Hapo zamani prosesa za kompyuta za mezani zilikuwa na kiini kimoja tu, na mafundi waliongeza mbio zake mwaka baada ya mwaka. Mbio hizo hupimwa kwa gigahezi. Gigahezi 1 ni mapigo 1,000,000,000 katika sekunde moja. Lakini kila mbio zilipoongezeka, joto nalo liliongezeka, hata ikawa vigumu kulipoza. Basi mafundi wakafanya kama afanyavyo msimamizi mwenye busara: mfanya kazi mmoja asipoweza kukimbia zaidi, humletea mwenziwe wa kumsaidia. Mwaka 2005 prosesa zenye viini viwili zilianza kuuzwa kwa ajili ya kompyuta za mezani za kawaida, na tangu hapo hesabu ya viini imezidi kukua.

3. Ndugu Wawili

Tarehe 25 Novemba 2019 kampuni ya AMD, iliyoanzishwa California, nchi ya Marekani, mwaka 1969, ilianza kuuza prosesa mbili zifaazo sana kuwa mfano. Ya kwanza iliitwa Ryzen 9 3950X. Hii ilikuwa ya kompyuta za mezani za kawaida, nayo ilikuwa kubwa katika jamaa yake. Ilikuwa na viini 16, na bei yake dola 749. Ya pili iliitwa Ryzen Threadripper 3970X, nayo ilikuwa ya kompyuta za kazi nzito. Ilikuwa na viini 32, na bei yake dola 1,999. Katika habari hii ya kwanza itaitwa prosesa ndogo, na ya pili itaitwa prosesa kubwa.

Prosesa hizi ni ndugu wa tumbo moja. Viini vyake vilitengenezwa Taiwan katika vipande vidogo vya silikoni, na kila kipande kilikuwa na viini 8. Prosesa ndogo ilipewa vipande viwili. Prosesa kubwa ilipewa vipande vinne. Maana yake ni kwamba wafanya kazi wa prosesa kubwa hawakuwa na akili kuliko wale wa prosesa ndogo. Ujuzi wao ulikuwa mmoja, ila wao walikuwa wengi zaidi.

Tena liko jambo ambalo mnunuzi asiye na habari halitazamii. Kiini cha prosesa ndogo, kikiwa peke yake kazini, kiliweza kufika gigahezi 4.7. Kiini cha prosesa kubwa kiliweza kufika gigahezi 4.5. Kwa hiyo katika kazi ya kiini kimoja, ile ya dola 749 ilikuwa na mbio kidogo kuliko ile ya dola 1,999.

4. Kazi Igawanyikayo na Kazi Isiyogawanyika

Kwa nini basi watu wanunue viini 32? Jibu laweza kuonekana katika nyumba yenye arusi. Wanawake hukusanyika alfajiri kupika pilau. Mmoja huchambua mchele, mwingine humenya vitunguu, wengine hukata nyama na kuteka maji. Wakiwa wawili, kazi hii huchukua asubuhi nzima; wakiwa ishirini, huisha upesi. Lakini mchele ukiisha kuwekwa motoni, wapishi ishirini hawawezi kuuivisha upesi kuliko mpishi mmoja. Kumenya vitunguu ni kazi igawanyikayo. Kuiva kwa mchele ni kazi isiyogawanyika.

Kazi za kompyuta ni vivyo hivyo. Hatua nyingine haiwezi kuanza mpaka jibu la hatua iliyotangulia lipatikane, na hapo viini vingine hukaa bure vikingoja. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alieleza kwamba sehemu isiyogawanyika ndiyo iwekayo mpaka wa faida ya kuongeza wafanya kazi. Na tupate mfano wa hesabu. Kazi fulani huchukua muda wa saa 10 kwa kiini kimoja. Katika hizo, saa 1 haigawanyiki, na saa 9 zagawanyika. Kwa viini 16, zile saa 9 huwa dakika 34 hivi, na kazi yote huisha kwa saa 1 na dakika 34. Kwa viini 32, huisha kwa saa 1 na dakika 17. Viini vimeongezwa mara mbili, bei imepita mara mbili na nusu, na muda uliopungua ni dakika 17 tu. Hata viini vikiwa elfu, kazi hiyo haitaisha kabla ya saa 1 kupita.

Lakini ziko kazi zigawanyikazo karibu zote. Mfano mmoja ni filamu ya katuni ichorwayo kwa kompyuta. Kila sekunde moja ya filamu ni picha 24. Kwa hiyo filamu ya dakika 10 ina picha 14,400. Kila picha yaweza kukatwa vipande vipande, na kila kiini kikapewa kipande chake. Ikiwa prosesa ndogo huchukua dakika 4 kwa picha moja, filamu nzima itachukua siku 40, usiku na mchana. Prosesa yenye viini mara mbili yaweza kuimaliza kwa siku karibu 20. Kwa fundi aliyeahidi kutoa filamu kabla ya mwezi kwisha, tofauti hiyo ndiyo riziki yake.

5. Milango ya Ghala na Barabara

Wingi wa viini si tofauti pekee. Prosesa huchukua hesabu zake katika kumbukumbu ya kompyuta, ambayo ni kama ghala. Prosesa ndogo ilikuwa na milango miwili ya kuingilia ghalani. Prosesa kubwa ilikuwa na minne. Wafanya kazi wengi wakipita mlango mwembamba hukanyagana, na kwa kazi ihitajiyo kuchota hesabu nyingi kila mara, milango minne ina faida kubwa.

Tena ziko njia ziunganishazo prosesa na vyombo vingine, kama kadi za picha na vyombo vya kuhifadhia habari. Prosesa ndogo ilikuwa na njia 24, na kubwa 64. Kadi moja ya picha huweza kutumia njia 16 peke yake. Kwa hiyo mtu atakaye kadi moja hana haja ya barabara nyingi. Lakini afanyaye kazi kwa kadi tatu au nne pamoja ataona kwamba prosesa ndogo yamsonga, hata kama viini vyake vyatosha.

6. Gharama Zisizoandikwa kwenye Bei

Mwenye kununua ng'ombe hununua pia kazi ya kumtafutia majani. Prosesa kubwa nayo ina majani yake. Kipimo cha joto cha prosesa ndogo kilikuwa wati 105, na cha prosesa kubwa wati 280. Zote mbili zikifanya kazi kwa kipimo hicho muda wa saa 8, kubwa itakula umeme zaidi ya ndogo kwa uniti 1.4 kila siku. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni uniti 420. Na umeme huo wote hugeuka kuwa joto, nalo lahitaji kipoza kikubwa zaidi, na chumba chenye hewa ya kutosha.

Ubao mkuu pia ni mwingine. Prosesa ndogo ilikuwa na pini 1,331, na kubwa iligusana na ubao wake mahali 4,094; kwa hiyo ya huku haiwezi kukaa kule. Na ubao wa prosesa kubwa ni ghali zaidi.

7. Shule Moja na Fedha Zake

Na ifikiriwe sasa shule iliyochanga fedha kwa taabu, wazazi wakitoa kidogo kidogo, mpaka zikapatikana dola 1,999 za prosesa. Mwalimu mmoja asema, "Tununue ile kubwa, ili shule yetu ipate sifa." Je, wanafunzi watafaidiwa nini? Watajifunza kuandika barua, kufanya hesabu, kusoma na kuchora. Katika kazi hizi kompyuta ndiyo imngojeayo mtu; vidole vya mwanafunzi ni vizito kuliko kiini chochote. Viini 31 vitalala usingizi, na mtoto mmoja ataketi mbele ya mashine huku wenziwe wakimtazama mgongoni.

Mwaka ule ule wa 2019, kampuni ile ile iliuza prosesa iitwayo Ryzen 5 3600, yenye viini 6, kwa dola 199. Kwa dola 1,999 shule ingepata prosesa 10 za namna hiyo, na dola 9 zingebaki. Ni kweli kwamba prosesa peke yake si kompyuta, na vyombo vingine vyahitaji fedha zake. Lakini yapasa kukumbuka jambo hili: kwa bei moja watoto kumi hupata kujifunza, au mmoja hujifunza na tisa hungoja.

8. Yaliyofuata

Wako watu walionunua prosesa kubwa wasiyoihitaji, wakisema, "Itatufaa siku zijazo." Yaliyofuata yanafundisha. Mwaka 2020 kampuni ilitoa prosesa mpya ya kawaida, Ryzen 9 5950X, yenye viini 16 vilivyo bora kuliko vya kwanza, na watu wengi waliokuwa na ubao wa prosesa ndogo waliweza kuiweka juu ya ubao ule ule. Bali ubao wa prosesa kubwa ya 2019 haukupata mrithi. Prosesa za Threadripper zilizotoka mwaka 2023 zilihitaji ubao mwingine kabisa. Hivyo aliyeweka akiba kwa ajili ya kesho, akiba yake ilifungwa mahali pamoja.

Yule fundi wa filamu hakuwa na hasara, kwa sababu aliitumia mashine yake mchana na usiku, nayo ilimlipa gharama yake kwa kazi. Naye mwandishi wa barua aliyenunua ndogo hakuwa na hasara. Aliyepata hasara ni yule aliyelipia wafanya kazi 32 na kuwapa kazi ya mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, mtu na ajiulize mambo matatu. Kazi yangu yagawanyika, au haigawanyiki? Mashine ya sasa yanichelewesha wapi: katika viini, katika ghala, au katika njia? Na muda nitakaoupata una thamani ya fedha nitakazotoa? Akiisha kujibu, atajua kilicho chake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Maswali

1. Kwa nini mafundi waliacha kutegemea kuongeza mbio za kiini kimoja tu?
2. Taja kazi mbili za nyumbani zigawanyikazo, na moja isiyogawanyika.
3. Kazi fulani huchukua muda wa saa 20 kwa kiini kimoja, na saa 4 katika hizo hazigawanyiki. Itachukua muda gani kwa viini 16? Kwa viini 32?
4. Je, ni mtu wa kazi gani anayefaa kununua prosesa kubwa? Eleza sababu.