Daftari la Arteta lafika Bamburi

Alhamisi usiku, dirisha la uhamisho likikaribia kufungwa, Pierre-Emerick Aubameyang alitua Chelsea. Ijumaa asubuhi nikaingia kinyozi hapa Bamburi Mtambo, nikamkuta jamaa amekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na mashine imezimwa. Kinyozi alikuwa anabishana.

"Si nilikwambia? Yule si mtu wa kuaminika."

"Yule mtu alikuletea kombe, kaka. Ama umesahau?"

Hakuna aliyesahau. Agosti 1, 2020, fainali ya Kombe la FA, Arsenal iliipiga Chelsea 2-1 na mabao yote mawili yalikuwa ya Aubameyang. Picha yake ya siku ile bado iko ukutani pale kinyozi, jua limeila mpaka jezi nyekundu imekuwa kama ya waridi. Sasa mwenyewe alikuwa amevaa bluu. Lakini ubishi haukuwa wa Chelsea hasa. Ulikuwa wa ile filamu.

Kama mwezi mzima wa Agosti ulikuwa kwenye mambo ya kura (na sisi wa Mombasa ya gavana tuliipiga tarehe 29, mwaka 2022), wacha nikuweke sawa. Amazon waliingiza kamera ndani ya Arsenal msimu wote wa 2021/22, wakatoa All or Nothing: Arsenal, episodi 8. Tatu za kwanza zilitoka Agosti 4, mbili za mwisho Agosti 18. Msimulizi ni Daniel Kaluuya, yule mwigizaji mshindi wa Oscar, amezaliwa London na wazazi wa Uganda, kwa hivyo ni kama jirani. Inaitwa filamu ya Arsenal, lakini ukweli ni filamu ya Mikel Arteta. Kila ukigeuka ni yeye: ubaoni, ofisini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Hapa mtaani walioiona kwa njia ambayo Amazon wangefurahia ni wachache. Mimi niliwekewa kwenye flashi kwa 50 bob, na episodi ya tano ilikuwa inakwama kila ikifika pahali patamu.

Mwanzoni watu walicheka tu. Arteta anachora moyo na ubongo ubaoni, vina mikono na miguu, vimeshikana mikono, kama mwalimu wa nasari. Siku nyingine analeta balbu ya taa, eti timu ni lazima iunganishwe ndiyo iwake. Kabla ya kwenda Anfield anaweka spika kubwa uwanja wa mazoezi na kupiga You'll Never Walk Alone kwa sauti ya juu, vijana wazoee kelele. Tukaenda tukala nne bila. Watu wa Liverpool hapa Bamburi waliweka kipande hicho kwenye status wiki nzima. Kuna mmoja wa bodaboda pale stejini, kila shabiki wa Arsenal akipita anampigia huo wimbo kwa simu.

Halafu kicheko kikapungua. Kumbuka vile huo msimu ulianza: Brentford 2-0, Chelsea 2-0, Manchester City 5-0. Mechi tatu, hakuna bao hata moja, tuko mkiani. Wakati ule sisi wenyewe hapa maskani tulikuwa tunamtukana Arteta matusi ambayo siwezi kuandika hapa mamangu akasoma. Sasa unaona upande wa pili wa ukuta: jamaa hajalala, macho mekundu, na bado anawaambia wachezaji lawama ni zake. Kuna siku anawahadithia kwamba alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa mtoto mdogo. Kabla ya kucheza na Tottenham, hasemi yeye, anamsimamisha mpiga picha wa klabu azungumze na wachezaji. Mtu wa kamera, si wa mpira. Mechi ikaisha 3-1.

Dereva mmoja wa tuktuk wa njia ya Kiembeni aliniambia hapo ndipo alipotoa machozi. "Bosi gani huwa anamwita mtu wa chini aseme mbele za watu? Mimi nimefanya kazi kiwandani miaka sita, hakuna aliyejua jina langu."

Basi hapo wengi wakarudi kwa Arteta. Na ligi ikaanza kwa raha: mechi tano, ushindi tano, pointi 15, tukawa juu. Ukiwa juu kila ulichofanya jana kinaonekana akili.

Shida ni Aubameyang.

Desemba 2021 aliruhusiwa kwenda Ufaransa kwa sababu ya mamake aliyekuwa mgonjwa. Alitarajiwa kurudi usiku, akarudi asubuhi yake. Tarehe 14 akavuliwa unahodha, na hakuichezea Arsenal tena mpaka akaondoka kwenda Barcelona bila ada yoyote. Kwenye filamu Arteta anaeleza kwamba si mara ya kwanza, na kwamba makosa yote ameyaandika, tarehe, saa na sababu, ili siku ikifika kila kitu kiwe kwenye rekodi.

Hapo ndipo Bamburi iligawanyika. Na ukisikiliza vizuri, haikugawanyika kwa mpira.

Wenye biashara, hata kama ni kibanda cha viazi karai, wako na Arteta. Kinyozi ana vijana wawili wanaomsaidia na mmoja hufungua saa nne badala ya saa mbili. "Mtu akiwa staa ndiyo asifuate sheria? Ukimwachia mmoja, kesho wote." Hiyo hoja ina nguvu, siwezi kuipuuza. Nahodha ndiye anayepaswa kufika wa kwanza.

Wanaoajiriwa walisikia kingine kabisa. Dada mmoja mfanyakazi wa hoteli, shabiki sugu ambaye jezi ya Saka haimtoki, alisimamisha filamu pale pale. "Ngoja. Kwa hivyo huyu mtu amekuwa akiandika wakati wote? Anakuchekea, anakupa mkono, na jioni anaandika?" Akanyamaza kidogo. "Aubameyang alienda Barcelona. Mimi nikiandikwa nitaenda wapi?"

Mimi niko upande wake, na wacha niseme kwa nini. Nilipotoka chuo kabla ya kumaliza, kazi ya kwanza nilipata kwenye hoteli moja upande wa Shanzu. Msimamizi alikuwa na daftari la kijani. Sikuliona likifunguliwa mpaka siku niliyoitwa ofisini, na mle ndani kulikuwa na dakika zangu zote: saba, kumi na mbili, tano. Zilikuwa za kweli. Ambacho hakikuwa mle ni ile siku mafuriko yalifunga barabara, wala zile jioni nilizobaki mpaka saa nne bila kulipwa. Daftari huandika upande mmoja.

Filamu pia. Klabu ndiyo iliyokubali kamera ziingie, na kamera zilikaa na bosi. Aubameyang anaonekana mwanzoni akitabasamu, halafu anakuwa mtu anayezungumziwa tu. Yeye akiwa Barcelona alisema tatizo lilikuwa na Arteta peke yake, si klabu. Hilo ukitaka ulitafute mwenyewe kwingine.

Nilimwambia kinyozi hivyo. Akanijibu, "Na bila yeye si tunaongoza ligi?" Nikamkumbusha kwamba bila yeye pia tulimaliza wa tano, pointi 69, mbili nyuma ya Tottenham, tukitafuta wa kufunga mabao kwa tochi. Yule mteja wa nusu kichwa akaomba amalizwe kwanza.

Ningeishia hapo, lakini kuna hili la timu ya mtaa wetu. Mpira wa Kenya mwaka 2022 ulikuwa wa kuhurumia, tulikuwa tumefungiwa na FIFA tangu Februari, na kwa vijana wengi hapa timu ya mtaa ndiyo iliyokuwa imebaki. Kochi wetu ameitazama ile filamu mara mbili. Wiki iliyofuata akaja mazoezini na daftari jipya la kurasa 96. Hakuna aliyecheka. Mahudhurio yakapanda, nakiri. Vijana waliokuwa wanafika wakipiga miayo sasa wanakuja mbio.

Ila mshambuliaji wetu, yule anayefunga karibu kila mechi, ni askari wa usiku kwenye duka moja kubwa. Amechelewa mara tatu. Jumapili iliyopita kochi alisoma majina, la kwake halikuwepo, na kitambaa cha unahodha kikaenda kwa beki. Tulipigwa 2-0. Baada ya mechi nilimuuliza kochi kama anajua kijana anatoka wapi kila asubuhi. Alisema anajua. "Lakini nikimruhusu yeye, mwanangu, hawa wengine kumi na tano nitawaambia nini?" Sikuwa na jibu la haraka, na yeye hakuonekana mtu aliyefurahi.

Mshambuliaji mwenyewe nilimkuta jana maskani, anaangalia picha za Aubameyang na jezi ya bluu. Nikamuuliza ameiona filamu. Akasema ameona kidogo, alisinzia.

Jumapili hiyo jioni Arsenal ilikuwa na mechi Old Trafford, na mtaa mzima ungekuwa kwenye banda la mpira. Asubuhi yake tulikuwa na mazoezi. Kochi alituma ujumbe kwenye grupu: saa kumi na mbili na nusu, atakayechelewa asije. Mshambuliaji alijibu kwa dole gumba. Zamu yake ilikuwa inaisha saa kumi na mbili kamili, na kutoka pale mpaka uwanjani ni tuktuk mbili.