Kumtoa Mbuzi Guniani

Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika ana desturi yake. Huifungua na kuifunga mara mbili tatu akisikiliza bawaba, hubonyeza kila kitufe, huinamisha skrini kutafuta doa. Betri haiamini hadi aione ikishuka kwa macho yake. Katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ambako mashine hizi huitwa ex-UK hata zikiwa zimetoka Ujerumani, dhamana ilikuwa mkono wa mnunuzi mwenyewe.

Machi 2020 mkono huo ulizuiwa. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 13, siku mbili baadaye shule zikaamriwa zifungwe, na tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu awe kwake. Wauza nguo wa Gikomba waliumia zaidi, kwani mitumba ilipigwa marufuku kuingia nchini hadi Agosti. Vipakatalishi havikuguswa na marufuku hiyo, tena vilitafutwa kama maji: nyumba ina watoto watatu wa masomo ya mtandaoni na simu moja, na baba naye kaambiwa afanyie kazi nyumbani.

Shida ikawa ng'ambo. Nyingi ya mashine hizi ni za kampuni za Ulaya, ambazo hubadilisha vifaa kila baada ya miaka michache. Ofisi zilipofungwa, karani wa London aliondoka na kompyuta yake, akaendelea kuihitaji. Aliyeingoja Nairobi akazidi kungoja.

Hapo ndipo fundi alipoheshimika. Mashine zilizolala stoo zikisubiri kung'olewa spea zilirudishwa mezani. Skrini ya hii, kibodi ya ile, zikawaka.

Yangu niliinunua kwa video ya WhatsApp. Muuzaji alizungusha simu polepole, akanionyesha mkwaruzo kwenye kifuniko kabla sijauliza, akasema betri inakaa saa mbili, basi. Nikatuma pesa kwa M-Pesa, boda boda akaifikisha kabla ya kafyu. Ilikaa saa mbili kweli. Zamani kasoro ilikuwa ya mnunuzi kuigundua. Sasa ilikuwa ya muuzaji kuitaja, maana mteja aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia angetuma picha kwenye kundi la wazazi wa darasa zima. Naomba desturi hii isife.

Nilipompigia muuzaji huyo tena kumtafutia mpwa wangu, alisema anazo mbili: moja imepasuka pembeni, nyingine herufi P haibonyezeki. Akaninyamazia nichague.