Muuguzi Asiye na Likizo

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sidhani kwamba yuko aujuaye ukweli wa maneno hayo kuliko mume au mke anayemuuguza mwenziwe ambaye madaktari wamekwisha kukata tamaa ya kumponya, ilhali watoto wadogo wanangoja kuogeshwa, kulishwa na kupelekwa shuleni.

Mfikirie mkaaji wa Kangemi ambaye mkewe ana saratani. Alfajiri huwaandaa watoto, humgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongoni, kisha hupanda matatu hadi katikati ya jiji, na huko hupanda nyingine ya kumfikisha Hospitali ya Kenyatta kufuata dawa. Msongamano wa Waiyaki Way haumjui mwenye mgonjwa. Arejeapo, jua limekuchwa, na mtoto wa miaka tisa ndiye aliyemnywesha mamake uji.

Hapo ndipo sheria inapotuangusha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo ya ugonjwa, lakini auguapo yeye mwenyewe. Mama aliyejifungua ana miezi 3, baba ana majuma 2. Anayemuuguza mwenziwe aliye katika siku zake za mwisho hakutajwa. Humbidi azimalize siku zake za likizo ya mwaka, kisha amwangukie mkuu wake wa kazi. Wako waajiri wenye huruma, naam, ila huruma si haki. Na mchuuzi wa Kawangware, asiye na mkuu wa kumwangukia, hufunga kibanda. Ni ajabu kwamba sheria yetu inamkumbuka anayezaliwa na kumsahau anayekufa.

Msaada upo, ijapokuwa wengi hawaujui. Nairobi Hospice, jirani na hospitali hiyo ya Kenyatta, ilianzishwa mwaka 1990, ikiifuata njia aliyoifungua Cicely Saunders jijini London mwaka 1967: kutuliza maumivu, na kuwahudumia jamaa pamoja na mgonjwa. Wengi huiogopa morfini ya kunywa, wakidhani kwamba humharakishia mgonjwa kifo. Ikipimwa vyema na daktari, na kutolewa kwa saa zake bila kungoja maumivu yapande, hofu hiyo haina msingi. Mgonjwa akilala, nyumba nzima hulala.

Nanyi walimu, mtoto anayesinzia darasani muulizeni faraghani, kabla ya kumwadhibu, ni nani mgonjwa kwao. Aghalabu watoto hufichwa habari. Huambiwa kwamba mama atapona kesho, nao waonapo hali inazidi, hudhani kwamba utundu wao ndio uliomwuguza. Heri waelezwe ukweli kwa maneno machache wanayoyaweza, na wa kuwaeleza hasa ni yule mzazi mzima. Nawe mwanafunzi, mwenzio akija bila kazi ya nyumbani, mwazime daftari lako anakili, na jioni umpitie kwao umsaidie kuteka maji.